Mizigo ya Mama Mkwe

Niko na shida kabla hata sijaanza. Mtu ninayetaka kumweleza hapa, uso wake sikuutazama kwa miaka kumi na moja, na miaka hiyo yote tulikaa kiwanja kimoja na kunywa maji ya mtungi mmoja. Ni mama mkwe wangu. Kwetu upande wa Kabambare, mwanaume hamtazami usoni mama wa mke wake, hali chakula mbele yake, hakanyagi chumba chake, wala mikono yao haigusani. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye majani, yeye anavuta kitenge juu ya kichwa na kukupa mgongo hadi upite. Mgeni akiona anafikiri ni ugomvi. Hapana, ni heshima, na mimi niliishika vizuri kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kushika maishani. Kwa hiyo nitamweleza kwa miguu yake, kwa mikono, kwa sauti na kwa vitu vyake. Uso mtausubiri kama nilivyousubiri mimi.

Mguu wa kushoto ulikuwa mbovu kwenye nyonga tangu vita vya zamani vilivyomtoa kijijini kwake. Aliuburuta, na asubuhi nilisoma mavumbini alikopita: jikoni, kwenye banda la kuku, chini ya migomba. Kanisani alifika Jumapili baada ya kupumzika mara mbili njiani, na shambani alienda akisukumwa kwenye baiskeli na jirani yeyote mwenye huruma. Mbali zaidi ya hapo hakuweza. Hilo nalitaja mapema ili msije mkafikiri kwamba sikulijua.

Alipokuja kukaa kwetu tulimjengea nyumba ndogo ya matofali mabichi nyuma ya jiko, na mlango tukauelekeza kwenye migomba ili nisimwone akitoka. Wiki hiyohiyo alianza kazi yake. Kazi yake ilikuwa kutuandaa kukimbia.

Usidhani alikuwa mwoga. Neno vita lenyewe hakupenda litajwe ndani ya kiwanja, na mtu akileta habari za watu wenye bunduki wa upande fulani, alimwuliza kama ameshapanda mpunga. Lakini alikuwa amekimbia mara nne maishani, na alisema kila mara alikimbia vibaya. Mara ya kwanza alibeba mto badala ya mtoto wa dada yake. Alimrudia yule mtoto na akamkuta, Mungu saidia, amekaa palepale mkekani. Kisa hicho aliwasimulia wajukuu kwa kucheka, na wao walicheka, na ni mimi tu niliyekuwa upande wa pili wa ukuta niliyesikia kicheko chake kinavyoishia katikati.

Basi, kadiri watoto walivyozaliwa na kukua, kila mtu alipewa mzigo wake. Mke wangu: mtoto wa mwisho mgongoni, sufuria ndogo, na kifurushi cha nailoni chenye karatasi zote za nyumba, yaani kadi za kura, cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo na biletini za alama za shule. Binti mkubwa: bidoni ya lita tano, ijae maji daima, na mkono wa mdogo wake. Yule mdogo: chumvi kwenye chupa iliyozibwa kwa nta ya mshumaa, na viberiti ndani ya kopo la maziwa. Mimi nilipewa pikipiki, na juu yake gunia la mbegu za mpunga, blanketi mbili, samaki wakavu na makopa ya muhogo. Chungu kimoja alikifukia shambani pamoja na panga kuukuu, kwa sababu, alisema, ukifika porini na mikono mitupu unaanza kumwomba kila mtu, na mwenye kuomba analala wa mwisho. Viatu vya watoto vililala chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni.

Kila mwisho wa mwezi tulifanya mazoezi. Alikuwa akigonga sufuria na mwiko mara tatu, na hapo hapo watoto waliruka, viatu, mizigo, wakapita nyuma ya migomba hadi kwenye kijito ambapo njia ya miguu inakutana na njia ya pikipiki. Yeye alibaki mlangoni akihesabu kwa sauti. Mtoto wa katikati alipokuwa na miaka minne alifundishwa kutaja jina lake, la baba, la mama, la kijiji na la chifu bila kukosea, hata akiwa analia. Bibi yake alimfinya kidogo ili alie, halafu akamwuliza. Mke wangu alinuna. Mtoto alitaja yote huku machozi yanamtoka, na akapewa karanga.

Chakula cha mzigo hakikuruhusiwa kuoza. Baada ya mazoezi alikitoa chote, akaamuru kipikwe, na kesho yake kikawekwa kipya. Siku hiyo watoto waliiita siku ya kula mzigo. Bukari, yaani ugali wa makopa, samaki, mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, yaliyochemshwa hadi yakanukia barabarani. Yeye aliyekuwa akinyima kijiko cha chumvi asubuhi, jioni alimpelekea sahani kila jirani. Mkono wake haukuwa na msimamo katika jambo hili hata kidogo. Aliweza kugombana na binti yake siku nzima juu ya njiti mbili za kiberiti, halafu akampa mpita njia kopo zima.

Mimi nilicheka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na shati lenye kola, na niliona ni mambo ya kizee. Kwenye chumba cha walimu nilimwita Kamanda. Niliiga namna anavyogonga sufuria, nikaburuta mguu kutoka dirishani hadi mlangoni, na wenzangu wakashika mbavu. Naona haya kuandika hivyo. Ngoja, kuna mabaya zaidi.

Sauti yake niliijua vizuri kwa sababu alinisema sana, ila hakusema na mimi. Aliwatuma watoto. "Ambieni baba yenu pikipiki isilale bila esansi." Mimi nikajibu kupitia mtoto yuleyule, aliyesimama katikati yetu na kurudia maneno ambayo wote tulishayasikia. Watoto wakiwa shule, aliongea na kuku. Aliwaambia kuku kwamba mabati ya upande ule yanavuja, kwamba mtu fulani alirudi amelewa Jumamosi, kwamba mwalimu anayewafundisha watoto wa wenzake kuhesabu inafaa ahesabu pia siku ambazo hakupeleka mke wake zahanati. Kuku hawakujibu, na mimi pia sikujibu. Jumatatu tulikwenda zahanati.

Alikuwa na majivuno, nayo yasikusahaulishe mengine. Ndani ya kifurushi chake mwenyewe, kidogo kuliko vyote, kulikuwa na kitenge kipya ambacho hakukivaa kamwe, sabuni ya harufu na kitana. Binti yake alimtania kwamba anajiandaa kwenda harusini. Akajibu kwamba kufukuzwa si sababu ya kufika kwa watu ukiwa muchafu.

Sasa nifike pale. Katika mipango yote hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulisema. Hakuwahi kusema ni nani atakayembeba yeye. Mke wangu alimwuliza mara moja, nikiwa nasahihisha madaftari upande wa pili wa ukuta, na yeye akasema, "Hilo muniachie." Mke wangu akaacha. Lakini mimi nilielewa. Kijito kilikuwa mbali kwa mguu ule. Kilichoweza kumtoa ni pikipiki, na mwenye pikipiki alikuwa mimi. Angepanda nyuma yangu, na njia zetu mnazijua, bila kunishika kiuno angeanguka kwenye shimo la kwanza. Mama mkwe hawezi kuomba kitu kama hicho. Ni mkwe anayepaswa kutuma neno kupitia mke wake: mwambie mama, siku ikifika, heshima tutaiweka pembeni, atapanda. Maneno machache tu. Alikuwa akiyasubiri, nina hakika, kila mwisho wa mwezi alipobaki mlangoni akihesabu. Na mimi kila mwisho wa mwezi nilifunga gunia la mbegu pale ambapo mtu angekaa, nikajiambia kuwa kuna mtu mwingine atakayelitafutia njia.

Ilitokea asubuhi ya siku ya shule, kiangazi. Watu walianza kupita barabarani wakitoka upande wa mashariki, magodoro kichwani, bila salamu. Mkurugenzi wa shule aliwaruhusu watoto waende. Nilipofika nyumbani nilikuta sufuria imeshagongwa. Mke wangu na watoto walikuwa wameshapita migomba, kila mmoja na chake, na mtoto wa katikati alikumbuka hata kopo la viberiti. Kila kitu alichotufundisha kilifanya kazi. Mimi nilibaki kupakia pikipiki, na katika kiwanja tulikuwa wawili tu.

Alitoka nje. Kitenge kilikuwa juu ya kichwa, fimbo mkononi, kifurushi chake kidogo kwapani. Akasimama karibu na ukuta wa jiko, hatua sita kutoka kwangu. Nilifunga gunia kwa mpira wa pikipiki. Nililifungua, nikalifunga tena. Huko mbali risasi zilisikika, si nyingi. Niliangalia mpira. Gunia lile ningeweza kulitupa chini kwa mkono mmoja. Ninajua uzito wake hadi leo. Nikifikiria sasa, sikuwaza heshima kabisa wakati ule. Niliwaza kwamba tukiwa wawili juu ya pikipiki, na yeye na mguu ule, tutakwenda polepole, na wakitukuta tutakuwa wawili wa kufa badala ya mmoja. Heshima niliitafuta baadaye, njiani, nikaifurahia sana nilipoipata.

Mwishowe alisema na kuku. Aliwaambia, "Njia iko wazi sasa, lakini haitakaa wazi." Akangoja. Nilipopiga teke kuwasha, alivuta kitenge, akanigeuzia mgongo kama inavyotakiwa mkwe anapopita. Nikapita.

Kule kijitoni mke wangu aliniona niko peke yangu na gunia. Aliuliza mama yuko wapi. Nilisema, "Amekataa. Anasema atakuja na majirani." Alitaka kurudi. Nilimshika mkono kwa nguvu, mbele ya watoto, nikamkaripia kwamba mama yake ni mtu mzima, amekataa, na mimi siwezi kumkamata mama mkwe wangu kwa mikono. Mbele ya neno hilo alimfunga upya mtoto mgongoni, akageukia njia. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angelipinga.

Tulitembea hadi Kasongo kwa siku tano, wao wakipokezana kupanda na mimi nikisukuma kwenye matope ya mabondeni yasiyokauka hata kiangazi. Tulilala darasani kwenye shule ya misheni pamoja na familia nyingine nane. Wengi wao walikuja na nguo walizovaa tu. Sisi tulikuwa na chumvi, moto, chakula, karatasi, na watu walitusifu kwa kujiandaa. Nilipofungua blanketi nilikuta ndani yake kifurushi ambacho sikukijua: cheti changu cha ualimu, nailoni mbili juu yake, wembe mpya, na vidonge vya malaria ambavyo binti yangu aliandika juu ya pakiti yake, kwa mwandiko wake wa shule, Ya baba. Bibi alimwambia aandike. Nilinyoa ndevu kwa wembe ule. Kwa cheti kile nikapata darasa la tatu katika shule moja ya hapa, wakati walimu wenzangu waliokuja bila karatasi walikuwa wakifyatua matofali.

Wiki ya sita habari zilitufikia kwa mdomo wa wasukuma baiskeli wanaoleta mafuta ya ngazi Kasongo. Walisema kuna mzee wa kike aliyekutwa kwenye shamba la muhogo upande wa Wamaza, nje ya kijiji chetu. Alikaa siku nne peke yake. Alifika huko akijivuta kwa makalio, akafukua kile chungu chake, akala mihogo ya kuchemsha, na mmoja wao alipopita akamwita kwa kumwuliza bei ya mafuta. Yule mtu wa mafuta alimpandisha juu ya bidoni zake, akamsukuma hadi Kabambare. Mke wangu alipiga kelele ya furaha hadi watu wakatoka madarasani. Mimi pia nilipiga kelele. Sijui walisikia nini ndani ya yangu.

Aliletwa Kasongo kwa pikipiki. Ndiyo. Alikaa nyuma ya kijana asiyemjua, amemshika kiuno kwa mikono miwili, amevaa kile kitenge kipya, nywele zimechanwa. Alishuka sokoni mbele ya watu wote, na nilivyomwona nikaingia nyuma ya meza ya muuza mitumba, kwa heshima.

Jioni hiyo tulikuwa tumeshapanga nyumba ya vyumba viwili, na ukuta wake ni mwembamba. Nilisikia mke wangu akimwuliza kwa kulia: mama, kwa nini ulikataa? Nilikaa juu ya kitanda nikiwa nimeshika goti langu. Mama yake akasema, "Nilikataa. Pikipiki inaniumiza nyonga." Mke wangu alimgombeza, akamwita kichwa kigumu, wakacheka pamoja. Alikuwa ametoka safari ya siku mbili juu ya pikipiki, na hakuna aliyelitaja.

Tangu hapo uongo wangu ukawa wa watu wawili. Niliwasikia wajukuu wakimwiga bibi aliyekataa kupanda pikipiki, wakiwachezea majirani, na yeye akiongeza maneno ili mchezo unoge. Nilinenepa, kweli, mwaka ule nilinenepa. Nilifundisha watoto wa darasa la tatu somo la ujasiri, na mkono wangu uliandika vizuri ubaoni.

Kuna namna ya kuondoa ule mwiko kati ya mkwe na mama mkwe. Mkwe analeta mbuzi, anasema maneno mbele ya watu wa nyumba, mama anapokea, na toka siku hiyo mnaweza kutazamana na kula pamoja. Nusu ya wanaume wa rika langu walishafanya hivyo. Mimi nilikuwa nikisema kila mwaka kwamba mwakani. Mvua za mwisho zilipoisha nilinunua mbuzi sokoni, jike jeupe, nikamfunga kwenye mlango wa nyuma Jumapili mchana baada ya ibada. Mke wangu alifurahi kiasi cha kuimba. Nilisema maneno yanayosemwa, nikitazama chini. Mama mkwe alipokea kamba. Kisha akashusha kitenge mabegani.

Nikatazama. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Paji la uso lilikuwa la mke wangu, hata mistari miwili ile ya katikati, na macho yalikuwa madogo, yenye subira, yakinitazama bila haraka. Mke wangu alienda jikoni kuleta sahani tule pamoja mara ya kwanza, na watoto walimfuata mbuzi. Tukabaki wawili, hatua mbili tu safari hii.

Nikasema, "Mama, siku ile."

"Siku ile nilikataa," alisema.

"Hukukataa."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwangu. Niliangalia mlango wa jiko. Yeye pia aliuangalia, halafu akashusha sauti.

"Kwa mutoto wangu nilikataa. Akijua analala na mutu mwenye aliacha mama yake, atalala namna gani? Iko na watoto watatu."

Machozi yalinitoka, na sikujua kama mkwe anaruhusiwa kulia siku ya mbuzi. Nilimwambia kwamba kukitokea tena nitambeba mimi mwenyewe, mgongoni, kama si kwa pikipiki basi kwa miguu, mbele ya kila mtu. Nilisema kwa nguvu, nikarudia. Alinisikiliza hadi mwisho, kama mtu anayengoja mtoto amalize kukariri.

"Hapana, baba," alisema. "Nilisha kupatana na ule mutu wa mafuta. Anakaa karibu, na baiskeli yake iko muzima. Weye chunga watoto. Kukimbia unajua."

Hakusema kwa hasira. Alinipangia kazi, kama alivyompangia kila mmoja, akitazama ninachoweza. Mke wangu akatoka na sahani, akatukuta tunatazamana, akasema asante Mungu. Nikanawa mikono, nikakaa mkekani mbele ya mama mkwe wangu, nikala, na nikagundua kwamba tangu aliponiambia vile kifua changu kimekuwa chepesi, kwa sababu sasa hakuna mtu anayenitegemea nimbebe.